Nauli ya kurudi kwao siyo msaada: mwongozo wa kumsaidia binti aliyetoka mikononi mwa wasafirishaji

Leo tuweke pembeni mpira na siasa kidogo.

Tukisikia redioni "usafirishaji haramu wa binadamu", wengi wetu tunafikiria kontena lililojaa watu wasio na hewa, au boti inayozama njiani kwenda Ulaya. Hayo yapo. Lakini hapa Bongo hali ya kawaida zaidi ni binti wa miaka 14 anayeshuka basi stendi ya Mbezi na mfuko wa rambo mkononi, anapokewa na mama ambaye hajawahi kumwona, na hajui mtaa anaopelekwa unaitwaje. Kaambiwa atasomeshwa cherehani. Anaishia kulala jikoni, anaamka saa kumi alfajiri, mshahara "anatunziwa", na simu haruhusiwi kushika.

Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne, siyo mwanasheria wala daktari. Nimekusanya mambo haya sehemu moja kwa sababu binti wa namna hii akitoka, mtu wa kwanza kumgongea mlango huwa si wakili. Ni jirani, muuza genge, au mimi na wewe. Ukitaka print, mpelekee mama yako au mjumbe wako.

Tunamzungumzia nani?

Si kila dada wa kazi amesafirishwa. Wapo wanaolipwa vizuri, wanapumzika Jumapili na wakitaka kuacha kazi wanaaga. Hao ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine, tuwaheshimu.

Tatizo linaanza pale mtu anapochukuliwa kwa uongo, vitisho au kwa kutumia shida zake, halafu anafika anakuta anatumikishwa. Inaweza kuwa kazi za ndani bila mshahara. Inaweza kuwa baa ambako "kuhudumia wateja" maana yake ni kulazimishwa ngono. Inaweza kuwa danguro, au kuombaomba barabarani. Mabinti wengi wanatolewa vijijini mikoa kama Iringa, Singida, Dodoma, Mbeya, Morogoro na Kagera, wanapelekwa Dar, Mwanza, Arusha au Zanzibar. Wengine wanavuka mpaka kwenda Kenya, na wengine wanapanda ndege kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba.

Na anayewachukua mara nyingi si jambazi mwenye miwani myeusi. Ni shangazi, ni jirani wa kijijini, ni dada aliyetangulia mjini. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Inamgusa anayetafuta mtu, anayemsafirisha, anayempokea na anayemficha, hata kama alitumia jina la ajira au mafunzo, ikiwa lengo lilikuwa kumtumikisha au kumnyonya kingono.

Mambo mawili ya kushika hapo. Kwanza, kwa mtoto wa chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki. Ile hoja ya "mbona alikubali mwenyewe kuja" imekufa hapo hapo. Pili, mhusika akiwa mzazi, ndugu au mlezi, kosa linahesabiwa kuwa zito zaidi, halipungui. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kuziba mwanya wa mtu kulipa faini tu na kuondoka zake bila kufungwa.

Upande wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Akifika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, zisizoharibu afya wala masomo. Kuosha vyombo vya watu saba na kulea mapacha usiku kucha siyo kazi nyepesi, tusidanganyane.

Saa 72 za kwanza

Binti katoroka, kaja kwako. Ufanye nini?

1. Mtoe machoni pa watu. Kumjazia majirani kumi sebuleni wamuulize maswali siyo kumsaidia. Mpe maji, chakula, na sehemu ya kukaa yenye mlango.

2. Piga simu. Kama ni mtoto, namba ni 116, ni bure na inafanya kazi Bara na Visiwani. Kama ni hatari ya papo hapo, piga 112. Kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue pia, ili kesho mwajiri asije kudai kwamba umemwibia mfanyakazi.

3. Kama amebakwa, hospitali ni leo. Dawa za kinga dhidi ya VVU (wenyewe wanaziita PEP) lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinafaa ndani ya saa 120, na hizo pia zinataka kuwahi. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki, maana ushahidi unaharibika kwa unyevu. Fomu ya polisi namba 3, ile PF3, mtu mwingine anaweza kuifuata polisi wakati yeye anahudumiwa.

4. Ulizia Kituo cha Mkono kwa Mkono. Baadhi ya hospitali za serikali wanavyo. Hapo anakutana na daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri sehemu moja, asizungushwe ofisi nne akieleza jambo lile lile mara nne.

5. Usiende mwenyewe kwa mwajiri "kuchukua begi lake". Nenda na polisi au kiongozi wa mtaa. Begi linaweza kusubiri.

Halafu, wadau wa mitandao, hapa tusikilizane: USIMPIGE PICHA. Usimrushe kwenye grupu la WhatsApp ukiandika "jamani huyu binti kapatikana, tafadhali sambaza". Aliyemsafirisha naye yumo kwenye magrupu. Utakuwa umemwonyesha alipo, na umempa binti picha itakayomfuata mpaka siku ya harusi yake.

Wiki za mwanzo

Watu wanategemea akiokolewa atafurahi, atashukuru. Wengi hawako hivyo. Anaweza kukaa kimya siku tano. Anaweza kulala mchana na kukesha usiku, kushtuka mlango ukigongwa, kuficha mkate chini ya mto. Anaweza kukutukana wewe uliyemsaidia. Wengine wanasema wanataka kurudi kule kule, na hapo ndipo majirani wanaposema, "Si mnaona? Kumbe alipenda."

Hakupenda. Mtu aliyeamuliwa kila kitu kwa miaka miwili, aamke saa ngapi, ale nini, aongee na nani, anakuwa amesahau kuamua. Nyumba salama zinazofanya kazi vizuri zinaanza na vitu vidogo sana: leo ungependa kula nini? Unataka kulala na taa au bila taa? Funguo ya kabati lako hii hapa, kaa nayo. Vinaonekana vya kitoto, lakini kujiamulia kunaanzia hapo.

Kingine ni simulizi yake. Kila anayekuja anataka kuisikia toka mwanzo: mama mwenye nyumba, mjumbe, mchungaji, sheikh, mwandishi wa habari. Kila akiisema anarudi mle ndani. Aieleze kwa anayepaswa kuiandika, tena mara chache iwezekanavyo. Wengine tukae naye tu, tumenye viazi. Akitaka kusema atasema.

Maneno ya kuepuka:

- "Kwa nini hukukimbia?" Mlango ulikuwa umefungwa, simu imechukuliwa, mji haujui, hana hata shilingi, na kaambiwa polisi watamfunga yeye.
- "Si bora kule ulikuwa unakula?"
- "Nyumbani kwenu wanajua ulichokuwa unafanya?"
- "Samehe tu yaishe." Msamaha ni wake, atautoa siku anayotaka. Usimuombee mtuhumiwa.

Hapa kwetu kuna mashirika yanayofanya kazi hii. Dar es Salaam wapo KIWOHEDE, walioanza mwaka 1998. Mwanza wapo WoteSawa, shirika lililoanzishwa na wanawake ambao wenyewe walishakuwa wafanyakazi wa ndani utotoni. Nadhani hiyo ndiyo sababu wanaaminika. Binti anaongea na mtu aliyewahi kulala jikoni kama yeye.

Kwa nini nasema nauli siyo msaada

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mtaani kwetu kulikuwa na binti wa miaka 16 aliyekuwa anatumikishwa baa. Majirani walimtoa, wakachanga, wakamkatia tiketi ya kurudi kwao. Wakampungia mkono. Miezi michache baadaye dada mmoja anayeuza vitenge akamkuta wilaya nyingine, baa nyingine, kazi ile ile.

Watu waliposikia wakasema binti ana lake jambo. Mimi nasema hebu fuata lile basi mpaka mwisho wa safari. Anashuka kijijini. Aliyempeleka mjini mara ya kwanza ni nani? Ni jirani wa nyumba ya tatu, na bado yupo. Je, baba alishachukua hela ya dalali? Basi kuna deni linamsubiri. Je, aliondoka kwa sababu baba wa kambo alikuwa anamwingilia? Basi mmemrudisha kwa baba wa kambo. Shule alishaacha. Wenzake wameolewa. Wadogo zake wanamuuliza, "Dada umetuletea nini?" Mikono mitupu, na maneno ya kisimani yameshamtangulia. Mwezi wa pili dalali anakuja tena na ahadi mpya. Angefanyaje?

Nauli imemrudisha mwanzo wa foleni ile ile.

Kabla ya kumpandisha mtu basi, haya yapate majibu: nani alimtoa, na yupo wapi sasa? Kuna deni? Mama au bibi anamtaka kwa moyo, au anakubali kwa sababu polisi wamepiga simu? Atalala wapi, na nani? Ofisa ustawi wa jamii wa kule anajua kwamba anakuja, na atamtembelea lini? Na swali ambalo linasahaulika kuliko yote: YEYE ANATAKA KURUDI? Kama nyumbani si salama, kuna ndugu wengine, na kuna walezi wa kuaminika ambao ustawi wa jamii wanawaandaa kwa ajili ya watoto kama hawa. Kurudi kwa mama ni kuzuri sana pale ambapo mama ndiye usalama. Isiwe sheria ya kila mtu.

Karatasi, shule na hela

Binti aliyetolewa kijijini akiwa na miaka 13 mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Akifika 18 anahangaika kupata namba ya NIDA. Bila NIDA hawezi kusajili laini kwa jina lake, maana tangu mwaka 2020 laini zote zinataka alama za vidole. Bila laini hana M-Pesa yake. Kwa hiyo hela yoyote atakayopata itapitia simu ya mtu mwingine, na huyo mtu ndiye atakayemshika. Ukitaka kumsaidia kitu kikubwa kisichoonekana, mfuatilie cheti RITA. Hakina mbwembwe, lakini kinafungua milango mitatu.

Shule: Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo waliopata mimba, kurudi kwenye shule za kawaida. Aliyekosa msingi ana MEMKWA. Aliyeishia njiani sekondari anaweza kufanya mtihani wa maarifa (QT), kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayetaka ufundi kuna VETA. Akiwa na mtoto mchanga, swali halisi ni nani atamshika mtoto saa mbili asubuhi. Bibi akikubali kumshika, binti anasoma. Asipokubali, nafasi ya VETA inabaki kwenye karatasi.

Biashara: wengi wanafundishwa kushona na kusuka halafu wanaachwa. Cherehani hana, na mtaa una mafundi wanane tayari. Ipo mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024, na haina riba. Ila inatolewa kwa vikundi, na mgeni asiyejulikana nani atamwingiza kikundini? Hapo ndipo mama zetu wa VICOBA wanaweza kufanya kitu ambacho serikali haiwezi: kusema "huyu tunamjua, aingie".

Haki yake

Kesi ya jinai ni ya polisi na waendesha mashtaka, lakini inakufa kama shahidi hayupo. Ndiyo maana wasafirishaji wanapenda sana binti arudishwe kwao haraka. Nauli nyingine wanatoa wao! Kabla hajaondoka maelezo yake yawe yameandikwa, namba ya jalada anayo, na kuna namba ya kumpata. Familia zikitaka "kuyamaliza nyumbani" kwa laki mbili na mbuzi, waambieni usafirishaji siyo ugomvi wa mpaka wa shamba.

Mshahara nao ni wake. Kwa Bara, madai ya kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kuachishwa kazi isivyo halali ni ndani ya siku 30, madai mengine kama mishahara ni ndani ya siku 60. Zikipita kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na kufungiwa ndani ni sababu. Msaada wa kisheria wa bure upo chini ya sheria ya mwaka 2017, na chama cha CHODAWU kinahusika na wafanyakazi wa majumbani.

Wanaorudi kutoka Uarabuni

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walizungumza na wanawake 50. Habari ni zile zile: pasipoti kuchukuliwa, saa nyingi za kazi, mshahara pungufu au hakuna, kupigwa na kudhalilishwa. Chanzo kikubwa ni mfumo unaoitwa kafala, ambapo kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri. Akitoroka nyumba, yeye ndiye anayehesabiwa mkosaji.

Huyu akirudi ana mzigo wa ziada. Mtaa mzima ulijua ameenda Uarabuni, kwa hiyo unategemea friji na dhahabu. Kumbe anarudi na begi moja na mgongo unaouma. Naomba tusimpokee kwa "umetuletea nini". Tumpokee kwa "pole na safari, karibu nyumbani". Mkataba wake, meseji za wakala na risiti za hela aliyotoa azitunze. Hapa kijana wa kafe una kazi: mskanie, mtumie kwenye imeili yake mwenyewe, mfundishe neno la siri, halafu futa nakala kwenye kompyuta.

Kwa mnaosoma kutoka Kenya, sheria yenu ni ya mwaka 2010, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela au faini ya shilingi milioni 30. Sheria hiyo pia imeanzisha mfuko wa kuwasaidia waathirika. Mtoto, piga 116. Mtu mzima aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia, 1195. Nairobi wapo HAART, walioanza mwaka 2010.

Kwa ufupi, mimi na wewe tufanye nini?

- Tumjue dada wa kazi wa jirani kwa jina lake. Salamu ya kila siku ndiyo inayomfanya ajue mlango wa kugonga.
- Tuweke namba 116 kwenye simu leo hii.
- Tusichange nauli kabla maswali ya hapo juu hayajajibiwa. Tukichanga, tuchange na ya miezi inayofuata: taulo za kike, sabuni, ada ya mtihani, nauli ya kwenda mahakamani.
- Mmoja wetu ampigie baada ya mwezi. Na wa tatu. Na wa sita.
- Aliyetoka humo asiitwe "yule wa baa" wala "yule wa Oman". Ana jina.

Maoni yenu nayakaribisha hapo chini kama kawaida, hasa wanaofanya kazi ustawi au dawati, mtuongezee na kutusahihisha. Ombi moja: ukitoa mfano wa mtu unayemjua, usiandike jina lake, kijiji wala shule. Nitafuta. Na kama wewe unayesoma ndiye uliyepitia haya, huna haja ya kueleza chochote hapa. Namba ni 116 kama hujafika miaka 18. Kama umezidi, Dawati la Jinsia liko kwa ajili yako, na unaruhusiwa kwenda na rafiki.